MBWA WA KIZUNGU KWENYE NJIA YA MISAFARA: WALIKUFA MMOJA MMOJA

Ukienda Kwihara, kama kilomita sita hivi kutoka Tabora mjini, utaonyeshwa tembe alilokaa Dk. Livingstone mwaka 1872. Watu wanapiga picha, wanaondoka. Historia ya wazungu, Waarabu na Mirambo wengi wanaijua. Ila kuna viumbe walitembea njia hiyohiyo ya Bagamoyo, Ugogo, Tabora mpaka Ujiji na hakuna anayewataja. Mbwa!

Na mdau, kama unawaza kununua mbwa wa kizungu wa kulinda familia, hii historia inakuhusu kabisa.

Twende na Stanley kwanza. Machi 1871 anatoka Bagamoyo kumtafuta Livingstone. Ana farasi wawili, punda, wapagazi kibao, na mbwa wa ulinzi aliyekuja naye toka India. Mbwa mwenyewe kapewa jina Omar. Ndiyo, Omar, jina la heshima kwa Waislamu, kwenye msafara uliojaa waungwana wa Unguja ambao kwao mate ya mbwa ni najisi!

Farasi wote wawili walikufa Kingaru, siku chache tu toka pwani. Omar akajitahidi, akavuka mbuga ya matope ya Makata, lakini tumbo likamuua karibu kabisa na kuingia Ugogo. Yaani pale hasa ambapo kazi yake ya ulinzi ilikuwa inahitajika ndipo alipokosekana. Stanley akaingia Tabora mwezi Juni bila mbwa.

Jamaa hakukoma. Novemba 1874 anaanza safari nyingine, sasa kaja na mbwa watano toka Uingereza: mastifi wawili Castor na Captain, Nero, buldogi Bull, na teria aitwaye Jack.  Matembezi ya mwanzo tu toka pwani, Castor joto likamuua. Captain naye hoi, na wale watatu wamelala chini wanahema. Aliyevumilia sana ni Bull, ambaye alikwenda karibu mwaka mmoja na nusu. Naye akafia Unyamwezi mwaka 1876, muda mfupi kabla Stanley hajakutana na Mirambo na kuchanjana naye udugu wa damu.

Sasa jiulize, kwa nini? Wapagazi wale wale, ambao majina yao wengi hayakuandikwa, walibeba mizigo juani na kufika. Mbwa wa kienyeji vijijini walikuwepo wamejaa tele, wanakula makombo na kuwinda na wenyewe. Kwa nini wa kizungu ndio wafe?

Sababu ziko wazi. Mbwa hatoi jasho mwilini kama mtu, anajipoza kwa kuhema na ulimi nje. Mastifi ni mzito, buldogi pua yake imebonyea, hewa haipiti vizuri. Halafu misitu ya miombo ya Tabora ina mbung'o. Mwaka 1895 daktari mmoja, David Bruce, akiwa Zululand ndiye aliyegundua kijidudu cha nagana kinachobebwa na mbung'o, na nagana inaua mbwa kama inavyoua ng'ombe na farasi. Weka na kupe. Mbwa wa kienyeji babu zao wamepambana na hayo vizazi na vizazi. Mgeni anakutana nayo siku moja, yote kwa mpigo.

Ila kuna kifo kimoja ambacho hakikuwa cha joto wala mbung'o, na ndicho kinachouma zaidi.

Livingstone alikuwa na kambwa kadogo, pudo, jina lake Chitane. Kiongozi wa msafara huyo! Alikuwa anakimbia mbele kumwangalia mtu wa kwanza, anarudi nyuma kabisa kumbwekea wa mwisho aongeze mwendo. Akishajua bwana wake analala kibanda gani, hakuna mbwa wa kijiji anayesogea. Na haibi chakula. Januari 1867 msafara ukavuka bwawa kubwa lililofurika. Kila mtu kajitwisha mzigo kichwani, anahangaika na maji yake. Hakuna aliyegeuka nyuma kumwangalia Chitane. Akaogelea, akaogelea, mpaka akazama.

Umeona? Mbwa mwenye akili vile, anayejali watu wote, alikufa kwa kusahauliwa.

Sasa turudi leo. Tabora, Dar, Mwanza, kila mwenye geti anataka German Shepherd. Mbwa mzuri, hakuna ubishi: ana akili, anapenda watoto wa nyumbani, mgeni hamwamini haraka. Dume linafika kilo 30 hadi 40. Lakini tabia yake ni kama ya Chitane, anataka kazi na anataka watu. Ukimfunga mnyororo chini ya mwembe toka asubuhi mpaka usiku, ule upendo unageuka hasira, na wa kwanza kung'atwa ni mtoto wa jirani.

Na bei ya kumnunua ni mwanzo tu. Kwa siku anakula karibu nusu kilo ya chakula kikavu, piga hesabu ni kilo 15 kwa mwezi. Kuna chanjo za utotoni, maana ule ugonjwa wa kuhara damu unamaliza watoto wa mbwa wote bandani. Kuna chanjo ya kichaa cha mbwa ya kurudia, na hiyo si hiari: kichaa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, kupona ni karibu na muujiza. Kuna dawa ya minyoo, dawa ya kupe, kivuli na maji saa zote. Akizeeka nyonga zinamsumbua.

Kama hayo yote mfuko hauruhusu, chukua mbwa wa kienyeji, mchanje, mlishe vizuri, mpe jina. Atakulinda bila kukufilisi.

Haya mdau, wewe wa kwako umemchanja lini mara ya mwisho?