Kamba, Saa na Mtu Chini ya Maji

Msomaji, ukienda Forodhani jioni ukakaa juu ya ukuta, miguu inaning'inia, uso umeuelekeza baharini, jua kwamba hapo mbele yako, kiasi cha mita 300 kutoka ufukweni, yamelala mabaki ya meli ya Sultani. Watu wanakula mishikaki na urojo, watoto wanaruka majini kwa vishindo, na yeye amelala tu pale chini, mita 8 za maji juu ya kichwa chake.

Jina lake Glasgow. Sayyid Barghash aliiagiza Uskochi baada ya tufani ya Aprili 1872, ile iliyomvunjia merikebu zake bandarini. Kiwanda cha Denny, katika mji wa Dumbarton, kiliiunda kwa mfano wa manowari ya Kiingereza yenye jina hilo hilo, ikaingia Unguja mwaka 1878. Husemwa kwamba Sultani alipoiona hakupendezwa nayo. Basi ikakaa bandarini miaka kumi na minane, pambo la nje ya jumba, mpaka siku moja ikatakiwa kupigana.

Siku yenyewe ni tarehe 27 Agosti 1896. Sayyid Hamad bin Thuwaini alikuwa amefariki siku mbili kabla, na Khalid bin Barghash akaingia jumbani akajitangaza Sultani bila ya ruhusa ya Waingereza. Wakampa muda: ikifika saa tatu kamili asubuhi awe ameshuka bendera na ametoka. Hakutoka. Saa tatu na dakika mbili mizinga ikaanza kulia kutoka manowari zilizokuwa zimejipanga mbele ya jumba. Glasgow ikajibu kwa vizinga vyake vidogo, bwana we, kama mtu anayemtupia ndovu kokwa za ubuyu. Ikazamishwa pale pale. Yapata saa tatu na dakika 40 bendera ya jumbani ilikuwa chini na vita vimekwisha. Khalid alikimbilia ubalozi mdogo wa Wajerumani, akapelekwa Dar es Salaam, na mauti yakamkuta Mombasa mwaka 1927.

Dakika 38. Wengine huandika 40, wengine 45, lakini 38 ndiyo inayopendwa, na kila mtalii huambiwa hivyo kwa kicheko: vita vifupi kuliko vyote duniani! Mie kicheko hicho hakinipandi. Dakika zimehesabiwa moja moja, lakini waliokufa na kuumia upande wa Sultani tunaambiwa ni "kama 500". Upande wa pili alijeruhiwa baharia mmoja, na huyo mmoja ameandikwa. Mwenye saa ndiye aliyeandika historia, na alihesabu kile alichotaka kukihesabu.

Hata saa ya mji ilipigwa siku ile. Mnara uliokuwa mbele ya Beit al-Ajaib ulibomolewa na mizinga, na jumba lilipotengenezwa upya saa ikawekwa kwenye mnara wa jumba lenyewe. Hapo ilikaa miaka zaidi ya mia, mpaka tarehe 25 Disemba 2020 mnara ule na sehemu ya mbele ya jumba vilipoporomoka, na watu wawili wakafa.

Sasa utaniuliza, haya yananihusu nini mie niliyemaliza skuli juzi tu, sina kazi ya maana? Ni kwamba ninaandika riwaya. Mtu wangu mkuu ni mzamiaji, na nilipofika pahala anaposhuka chini ya maji nikakwama: anajuaje muda umekwenda kiasi gani? Kule chini hakuna adhana, hakuna jua la kupimia kivuli. Nikamwendea kijana mmoja anayewapeleka wageni kuzamia, nikamuuliza. Akaniambia pale kwenye Glasgow, kwa kuwa maji si ya kina, mtungi mmoja wa hewa humtosha mtu mtulivu saa nzima. Maana yake vita vyote vya mwaka 1896 vinaingia ndani ya mtungi mmoja, na hewa inabaki. Unaweza kuanza kuzama mzinga wa kwanza unapolia na ukaibuka vita vimekwisha zamani. (Na chini utakachokiona ni kipande cha tangi la mvuke, mhimili wa rafadha na mabati. Mwaka 1912 kampuni ya kuvunja meli iliikatakata, maana milingoti yake ilikuwa bado imesimama nje ya maji kama vidole, na nadhani wakubwa walichoka kuitazama.)

Lakini kuzama hakukuanza na mitungi, na watu wa kwetu hawakujifunzia kwa watalii. Katika karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, watu wengi wa Afrika Mashariki, wengine walioibiwa na kuuzwa utumwani kupitia Unguja na bandari za mrima, waliishia Ghuba ya Uajemi wakizamia lulu. Barghash huyo huyo alitia saini ya kufunga soko la watumwa mwaka 1873, lakini majahazi ya magendo hayakukoma siku ile. Katika baadhi ya bandari za kule, mtu mweusi kwenye chombo cha lulu lilikuwa jambo la kila siku.

Zana zake zilikuwa hizi: kibano cha puani cha pembe au mfupa, vifuko vya ngozi vya kukinga vidole, kikapu cha kamba shingoni, jiwe la kumshusha mguuni, na kamba. Saa hakuna. Juu ya chombo kila mzamiaji alikuwa na mtu wake wa kumvuta, aliyeitwa saib. Mzamiaji anashuka na jiwe, anaokota chaza kwa pumzi moja, dakika moja hivi au zaidi kidogo, kisha anaitikisa kamba na saib anavuta kwa nguvu zake zote. Hebu fikiria: uhai wako umo katika kiganja cha mtu mwingine. Akisinzia, akigeuka kusema na mwenzake, umekwenda. Hiyo kamba ndiyo iliyokuwa saa. Na juu ya saib yuko nahodha mwenye daftari la madeni, na kama mzamiaji ni mtumwa, chumo lake linakwenda kwa bwana wake. Kazi hiyo ilikufa miaka ya 1920 na 1930, lulu za kufugwa za Wajapani zilipojaa sokoni na biashara ya dunia ikaanguka. Wavumbuzi walifanya kwa bahati walilolishindwa mabalozi kwa mikataba.

Huko Ulaya walikuwa na shida nyengine. Wao waliteremsha watu na kofia za shaba zenye mpira wa kupitishia hewa, watu wakikaa chini muda mrefu, na wakipanda baadhi yao wanapooza au wanakufa. Sababu yake ukiielewa hutaisahau. Kila mita 10 unazoshuka, uzito wa maji unaongeza mgandamizo mmoja kama ule wa hewa ya juu. Mita 40 chini, unabanwa mara tano. Hewa unayovuta nayo imebanwa mara tano, na naitrojeni iliyomo inaingia katika damu na nyama kama gesi inavyoingia katika soda. Ukipanda polepole inatoka kwa adabu. Ukipanda mbio ni kama kuifungua chupa ya soda iliyotikiswa, ila mapovu yamo katika uti wa mgongo wako. Mtaalamu wa Kiskochi, J. S. Haldane, alifanya majaribio kwa mbuzi, na mwaka 1908 jedwali lake likachapishwa: kina hiki, dakika hizi, panda hivi. Tangu hapo kuzama kukawa hesabu, na hesabu inataka saa.

Mwaka 1943 Wafaransa wawili, Cousteau na Gagnan, walitengeneza kifaa cha kumpa mtu hewa ya mtungi kila anapovuta pumzi. Kamba ikakatika. Mzamiaji akawa huru kama samaki, lakini sasa hakuna saib. Nani atamwita? Ndipo ikaja saa ya mkononi ya kuzamia. Rolex walikuwa na saa isiyoingia maji tangu 1926, lakini ya wazamiaji hasa ilitoka mwaka 1953, pale kampuni ya Blancpain ilipotengeneza moja kwa matakwa ya wanajeshi wazamiaji wa Kifaransa. Jina lake lingekuja kwetu lingekuwa Pima Hamsini, maana pima yao ya bahari ni sawasawa na yetu, ile ya kunyoosha mikono miwili, na pima 50 ni kama mita 91. Rolex nao walikuwa na Submariner yao wakati huo huo.

Siri ya saa hizo ni pete inayozunguka kioo. Kabla hujazama unaizungusha, alama yake unailinganisha na mkono wa dakika. Kisha kila ukitazama, pete inakwambia umekaa chini dakika ngapi. Katika saa za siku hizi inazunguka upande mmoja tu, wa kushoto, ili hata ukijigonga kwenye jabali ikasogea, ikudanganye kwa usalama: itasema umekaa zaidi, haitasema umekaa kidogo. Napenda sana ufundi huo. Lakini tusidanganyane, tangu miaka ya 1980 kompyuta ndogo za mkononi zimeichukua kazi hiyo, na leo wengi wanaovaa saa za kuzamia hawazami popote zaidi ya bafuni. Ukipita Darajani utaziona za bandia zimepangwa foleni, zimeandikwa mita 200, na mvua ya masika tu inazitia ukungu.

Pahala ambapo dakika zinauma kweli kwetu ni kwenye Pegasus. Asubuhi ya tarehe 20 Septemba 1914, jua halijatoka, manowari ya Kijerumani Königsberg ilitokea mlango wa bandari. Pegasus ya Kiingereza ilikuwa imetia nanga inatengeneza mitambo yake ya mvuke, haiwezi kwenda popote. Mizinga ya Mjerumani ilimfikia, yake yeye haikufika. Mabaharia 38 walikufa, 55 wakajeruhiwa, na baadhi ya makaburi yao yako kisiwani Chapwani. Mizinga yake ilitolewa, mmoja uko Fort Jesus, Mombasa, pamoja na mmoja wa Königsberg, maadui wawili wanaota jua pamoja.

Meli yenyewe iko kiasi cha mita 40 chini. Kwa kina hicho, jedwali moja linalotumiwa sana na wazamiaji wa starehe linampa mtu dakika 9 tu. Tisa! Na hizo zinahesabiwa tangu anapoanza kushuka. Kwenye Glasgow unakaa vita nzima, kwenye Pegasus huwahi hata kusoma Yasin.

Haya nilikuwa nikiyasoma kama hadithi, mpaka nilipokwenda Mkokotoni kumwangalia mjomba wangu. Yeye alikuwa akizamia majongoo ya pwani, wanayoyataka sana Wachina. Zamani yaliokotwa maji yakitoka. Yalipopungua watu wakayafuata kwenye kina, kwa mitungi. Tajiri mmoja ndiye aliyeleta mitungi na mashine ya kuijaza, na gharama zake anazikata kwenye mapato. Mjomba alikuwa akizama mitungi minne, mitano kwa siku. Siku moja alipanda mashuani, akala muhogo, na alipotaka kusimama miguu ikakataa. Bibi alisema ni shetani wa baharini. Akafanyiwa ngoma, akasomewa, hospitali akaenda akiwa ameshachelewa. Leo anatembea kwa fimbo, anashona nyavu.

"Mjomba, chini kule saa hukuwa nayo?" nilimuuliza.

"Saa ya nini, mwanangu? Mtungi ukiisha unapanda."

"Na juu, hakuna aliyekuwa akikuhesabia?"

"Tajiri alikuwa akihesabu majongoo."

Mwanawe sasa anafanya kazi hiyo hiyo. Nilimkuta barazani anapaka mafuta kifaa cha kuvutia hewa, miwani na mapezi yameanikwa ukutani. Anayo saa, ile ya Darajani, lakini pete yake imeganda haizunguki. Nikamwandikia kwenye karatasi ya daftari: mita 18, dakika 56, mita 30, dakika 20, mita 40, dakika 9. Chini nikaandika kwa herufi kubwa, PANDA POLEPOLE, NA MITA 5 USIMAME DAKIKA 3. Akaisoma mara mbili, akaikunja.

"Huu ni mtungi wa kwanza," akasema. "Na wa pili?"

Nikamweleza kwamba gesi ya kwanza haijatoka yote mwilini, kwa hivyo wa pili dakika zake ni chache zaidi, na wa tatu chache kuliko wa pili, na kati yao lazima apumzike juu, saa nzima au zaidi.

"Mashua ni ya kukodi kwa siku," akanijibu, akaitia karatasi mfukoni.