Kijana wa Bugoyi Aliyeingia Sebuleni Mwetu: Steven Kanumba, 1984–2012

Katika vijarida vya miaka iliyopita tumekwisha kuandika habari za watemi wetu, za reli ya Tabora–Mwanza iliyokamilika mwaka 1928, za Dk. Williamson na almasi zake za Mwadui, na za ndugu zetu waliofika mbali: wahandisi, madaktari, wanajeshi, wakurugenzi. Hatujawahi kuandika habari za mwigizaji. Si kwamba hatukuwa naye. Tulikuwa naye, tena jina lake lilijulikana Bujumbura na Kigali kuliko la mkurugenzi yeyote aliyewahi kupita katika kurasa hizi. Ukweli ni kwamba kwa muda mrefu wengi wetu hatukuihesabu kazi yake kuwa kazi.

Steven Kanumba alizaliwa Shinyanga tarehe 8 Januari 1984. Alisoma Shule ya Msingi Bugoyi, pale pale mjini, kisha akaenda Sekondari ya Mwadui. Baadaye alihamia Dar es Salaam, akasoma Dar es Salaam Christian Seminary, na kidato cha tano na cha sita akavimalizia Jitegemee. Kwa sisi tuliozaliwa miaka hiyo hiyo, njia yake haina ajabu. Ni ile ile tuliyopita wengi: shule ya nyumbani, halafu basi au treni, halafu chumba cha ndugu mjini na ahadi ya kusoma kwa bidii. Tofauti ni alichokifanya baada ya kufika.

Vijana wetu wa leo wavumilie kidogo, kwa sababu hapa panahitaji maelezo. Televisheni kwetu Tanzania Bara ni jambo la juzi tu. Zanzibar walianza kuwa nayo miaka ya 1970, lakini sisi wa bara tulisubiri hadi 1994, ITV ilipoanza kurusha matangazo. Kabla ya hapo mchezo wa kuigiza ulikuwa wa redioni. Tuliujua kwa masikio, na sura za wahusika kila mtu alijichorea mwenyewe. ITV ilipoanza kuonyesha michezo ya Kiswahili ya vikundi vya hapa hapa, mitaa ilinyamaza saa ya mchezo. Nyumba yenye runinga ilijaa. Watoto mkekani mbele, wakubwa kwenye makochi, na wengine wamesimama dirishani nje, na mwenye nyumba hathubutu kumfukuza mtu maana kesho atasemwa.

Kikundi kilichovuma kuliko vingine mwanzoni mwa miaka ya 2000 kilikuwa Kaole Sanaa Group. Humo ndimo walimopita Mzee Kipara, Muhogo Mchungu, Vincent Kigosi ambaye wengi tunamjua kama Ray, na Blandina Chagula, yaani Johari. Kanumba alijiunga nao mwaka 2002, akiwa na umri wa miaka 18. Akaonekana katika tamthilia kama Jahazi na Dira, mara nyingi akiwa kijana mtanashati mwenye maneno matamu na mambo yasiyonyooka.

Kazi ile ilikuwa na ugumu wake. Mara nyingi mwigizaji hakupewa maneno yote yaliyoandikwa. Alielezwa kisa: wewe ni mume, mkeo amepata barua, unaingia mlangoni. Mengine ayatoe kichwani mwake kamera ikiwa inamtazama. Anayetoka kwetu haoni ugeni hapo. Tumekulia katika nchi ya mbina, ambako baada ya mavuno Bagika na Bagalu hukutana uwanjani, na manju asiyeweza kutunga papo hapo jibu la kumkata mpinzani wake, watu humkimbia wakahamia upande wa pili. Hatusemi kwamba Kanumba alijifunzia huko. Mtoto wa mjini huenda aliiona mbina kwa nadra kama sisi. Tunachosema ni kwamba wazee waliotuambia uigizaji ni uhuni walikuwa wenyewe wamewahi kutoa ng'ombe kwa ajili ya manju.

Malipo ya vikundi vile yalikuwa madogo, posho zaidi kuliko mshahara. Ndiyo maana, filamu za video zilipoanza kushika kasi, nyota wa runinga walihamia huko mmoja baada ya mwingine, na Kanumba akawa mmoja wa waliotangulia. Mwaka 2006 ikatoka Dar 2 Lagos, aliyocheza pamoja na waigizaji wa Nigeria. Watu waliokuwa wamezoea kununua filamu za Wanaijeria wakamwona kijana wa kwao amesimama nao bega kwa bega. Baadaye zikaja Oprah, Uncle JJ, This Is It, na mwaka 2011 Devil Kingdom, ambamo alicheza na Ramsey Nouah mwenyewe. Akaanzisha kampuni yake, Kanumba The Great Films. Jina hilo la "The Great" alijipa akiwa bado kijana mdogo; sisi tulilicheka, wenzetu wa Congo na Burundi wakalichukua kama lilivyo.

Mwaka 2009 alialikwa kuitembelea nyumba ya Big Brother Africa, na aliporudi gumzo la mjini likawa Kiingereza chake. Tulikuwa miongoni mwa waliocheka. Tulikuwa tumekaa ofisini, na Kiingereza chetu wenyewe ni cha kuandika "tafadhali pokea kiambatisho", lakini tulicheka. Yeye aliendelea kufanya filamu.

Sasa turuhusiwe kuzungumza kwa lugha ya kazi yetu, maana wengine wetu tunaishi kwa hesabu. Katika soko lile la filamu, utaratibu uliozoeleka ulikuwa mtayarishaji kuiuza filamu kwa msambazaji kwa fedha ya mara moja. Akishapokea, haki inahama. Filamu ikiuza nakala elfu au laki, kwake ni mamoja. Ndiyo maana filamu moja ilikatwa ikawa Sehemu ya Kwanza na Sehemu ya Pili, na ndiyo maana zilitengenezwa haraka haraka, nyingine kwa siku chache. Mtu asiye na mapato endelevu hana budi kuuza kipya kila mara. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 ilikuwepo tayari, lakini mkataba ukishasainiwa, sheria hiyo inamlinda aliyenunua. Stempu za kodi kwenye kazi za filamu na muziki zilianza mwaka 2013. Kanumba alikuwa ameshazikwa.

Na hapo bado hatujataja nakala bandia. Hapa hatuwezi kuwanyooshea wengine vidole. Filamu zake tulizitazama wapi? Kwenye vibanda umiza vya nyumbani, ambako mwenye banda alinunua nakala moja akaonyesha watu mia kwa wiki. Kwenye diski moja iliyobeba filamu kumi, tuliyoinunua barabarani foleni ikiwa imesimama. Kwenye basi la kwenda nyumbani Desemba, kuanzia Morogoro hadi Nzega. Sisi ambao kazini tunakataa kupitisha matumizi yasiyo na risiti, hatukumbuki hata risiti moja ya filamu ya Kanumba.

Alifariki alfajiri ya tarehe 7 Aprili 2012, kati ya Ijumaa Kuu na Pasaka, nyumbani kwake Sinza. Alikuwa na miaka 28. Yaliyotokea usiku ule yalifika Mahakama Kuu, ikatoa hukumu yake Novemba 2017, nasi hatuna la kuongeza juu yake.

Mazishi tuliyaona. Viwanja vya Leaders havikutosha. Watu walizimia kwa msongamano, viongozi wa nchi walikuwepo, na barabara za Kinondoni zilifungwa na miguu ya watu. Wengi waliokuwa pale hawakuwahi kumwona ana kwa ana. Walikuwa wamekaa naye sebuleni miaka kumi. Akazikwa makaburi ya Kinondoni.

Jambo hilo lilizungumzwa sana katika vikao vyetu. Chama chetu, kama vyama vingi vya aina hii, kilianza kwa ajili ya misiba. Ukifungua daftari la matumizi, kusafirisha marehemu kwenda nyumbani kunakula fedha kuliko madawati na vitabu vya watoto. Kwa hiyo wapo waliouliza kwa uchungu kwa nini mwana wa Shinyanga alale Dar. Mzee mmoja akawauliza: alipokuwa hai, nani kati yenu alimwita hata kwenye chai ya chama? Tulitazamana. Jina lake halikuwemo kwenye orodha ya wanachama, na hakuna kumbukumbu kwamba tuliwahi kumpelekea barua. Barua tulizipeleka kwa wahandisi na wakurugenzi.

Angekuwa hai angekuwa na umri wetu, ameshavuka 40, umri ambao mwigizaji huacha kucheza kijana wa mapenzi akaanza kucheza baba. Filamu zake bado zinaonyeshwa. Juzi tulipopanda basi kwenda nyumbani zilikuwepo, na watoto waliozaliwa baada ya kifo chake walizijua kwa majina.

Mwezi Februari mhazini alipokea ombi la ada kutoka kwa binti mmoja wa huko nyumbani aliyepata nafasi ya kusoma sanaa za maonyesho Bagamoyo, TaSUBa. Fomu yetu ya msaada wa masomo ina visanduku vinne: ualimu, afya, uhandisi, biashara. Binti amechora cha tano kwa kalamu ya wino. Kamati imeiweka fomu hiyo kwenye ajenda za kikao kitakachofuata harambee hii. Anachoomba ni ada ya mwaka mmoja na nauli ya basi.