Antekino na mbawakawa wa Krismasi

Antekino ni marsupialia (mamalia wa kundi la wenye mfuko) mdogo wa misitu ya Australia, wa jenasi Antechinus. Mbawakawa wa Krismasi, wa jenasi Anoplognathus, ni mdudu mla majani wa bara hilohilo. Mmoja hunyonyesha, mwingine hutaga mayai. Kinachowakutanisha hapa ni kalenda, pamoja na kifo kinachofuata kupandana.

Kwa sura, antekino angedhaniwa kirukanjia: pua imechongoka, manyoya ni ya kijivu au kahawia, na katika spishi ya A. stuartii hata dume mkubwa ana gramu 70 tu hivi. Lakini ni ndugu wa mbali wa kangaruu, ingawa mfuko wa jike si mfuko hasa, bali mkunjo wa ngozi unaozunguka chuchu. Mwishoni mwa majira ya baridi, mnamo Agosti, madume hupandana kwa wiki mbili au tatu, na mpando mmoja huweza kudumu kwa muda wa saa 12. Homoni ya kortisoli hupanda isishuke. Kinga ya mwili huporomoka, vidonda huchimba tumbo, manyoya hunyonyoka. Madume wote hufa kabla hawajatimiza mwaka. Mwaka 2013 mtafiti Diana Fisher na wenzake walieleza hivi: majike hushika mimba kwa pamoja ili watoto waachishwe ziwa wadudu wanapojaa, na katika muda huo mfupi wa kupandana hushinda dume anayemaliza nguvu zake zote. Maelezo hayo yanaridhisha kuliko lile wazo la zamani kwamba madume hujifia ili wawaachie watoto chakula.

Mbawakawa, mwenye urefu wa milimita 20 hadi 30 na mng'ao wa dhahabu au kahawia, huanza maisha akiwa buu ardhini, akila mizizi na mabaki ya mimea. Hutoka karibu na Krismasi, ambayo huko huangukia kiangazi, akavamia mikaratusi (miti tuliyoizoea Afrika Mashariki, ambayo asili yake ni Australia), na pengine kuuacha mti mzima bila majani. Dume na jike hufa baada ya wiki chache. Kwa mdudu hilo ni jambo la kawaida. Kwa mamalia ni kioja.

Antekino hula buibui, mende na mbawakawa. Madume wakishakufa na watoto hawajazaliwa, msitu hubaki na antekino majike watupu, wote wajawazito, na mbawakawa wangali mabuu chini ya udongo.