AVARIA: MILA NA SHERIA KATIKA MILIMA YA DAGESTAN



Ndugu wasomaji, wengi wetu tunaisikia Kaukazi katika habari za vita tu. Leo tuitazame Avaria, nchi ndogo ya milimani huko Dagestan, ambayo mji wake mkuu ulikuwa Khunzakh.

Waislamu waliufikia mji wa Derbent, ulioitwa Bab al-Abwab, mwaka 22 Hijria, katika ukhalifa wa Sayyidna Umar (R.A.). Lakini Uislamu haukupanda milimani kwa siku moja. Avaria ya zamani iliitwa Sarir, na mwanahistoria al-Mas'udi, aliyefariki mwaka 345 Hijria, ameandika kuwa mfalme wake alikuwa Mkristo. Zilipita karne kadhaa za mafundisho mpaka watu wake wakasilimu. Wakashika madhehebu ya Imamu Shafii, kama Waislamu wengi wa pwani yetu, na Minhaj ya Imamu Nawawi pamoja na sharh ya al-Mahalli ikawa kitabu chao cha darsa.

Hata hivyo, walisali kwa sheria na wakahukumiana kwa mila. Mila hiyo waliiita ada, na ilikuwa na mambo mawili mazito. La kwanza ni kisasi cha damu: aliyeuliwa ndugu yake aliweza kumuua jamaa yeyote wa muuaji. La pili ni ishkil: mdai aliyeshindwa kulipwa alinyang'anya mali ya mtu yeyote wa kijiji cha mdaiwa. Katika fiqhi yote mawili ni dhulma, kwani kisasi ni juu ya muuaji mwenyewe, na deni ni juu ya aliyekopa. Miongoni mwa wanavyuoni waliopinga hukumu za mila ni Muhammad bin Musa al-Quduqi, aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 18, naye alisoma kwa Sheikh Salih al-Maqbali wa Yemen.

Karne moja baadaye Ghazi Muhammad wa Gimry aliandika risala dhidi ya wanaohukumu kwa ada, kisha akashika silaha. Mwaka 1830 aliishambulia Khunzakh iliyokuwa chini ya Bi Pakhu Bike, mjane wa Khan, akashindwa. Aliuawa na Warusi huko Gimry mwaka 1832.

Akafuata Imamu Hamzat Bek. Agosti 1834 wana wa Khan walimwendea kambini kwa mazungumzo, wakauawa huko, na baadaye mama yao naye akauawa. Haukupita muda mrefu, Hamzat mwenyewe akauawa ndani ya msikiti wa Khunzakh. Waliopanga kumuua ni Hadji Murad na nduguye Osman, ambao familia yao iliwalea wana wa Khan. Tuzingatie hapa: imamu aliyetaka kuondoa kisasi cha damu aliuawa kwa kisasi cha damu, na ndani ya nyumba ya Allah.

Madhara hayakuishia hapo. Khunzakh iliwakimbia maimamu, na mwaka 1837 jeshi la Urusi likaingia mjini. Imamu Shamil aliitwaa Avaria mwaka 1843 tu. Aliweka manaibu, makadhi na baitulmali, akatawala mpaka aliposalimu amri Gunib mwaka 1859. Alifariki Madina mwaka 1871, akazikwa Baqii. Warusi nao waliufuta utawala wa makhan wa Avaria katika miaka ya 1860.

Tunajifunza nini? Hoja ya al-Quduqi na ya Ghazi Muhammad ilikuwa ya haki. Lakini damu ya waliokuja kuzungumza iliwapa watu sababu ya kuirudia mila ile ile. Enyi maimamu na wanafunzi, anayetaka kuondoa mila mbaya katika mji wake aanze kwa elimu, na awe wa kwanza kuheshimu amani aliyoitoa.

Wallahu a'lam.