Nyumba kama Ukumbi: Taarabu ya Siti binti Saad Mtaani Ng'ambo, Unguja, katika Miaka ya 1920

Historia ya taarabu ya Unguja kwa kawaida huanzia katika kasri la Sayyid Barghash (1870–1888), ikapitia chama cha Ikhwani Safaa kilichoundwa mwaka 1905, kisha ikaishia kwenye santuri. Katika mfuatano huo nyumba ya Siti binti Saad, Ng'ambo, hutajwa kwa kupita tu, kama makazi ya msanii. Insha hii inatetea hoja kwamba nyumba hiyo ilikuwa ukumbi wa muziki kwa maana kamili, na kwamba udogo wake ulichangia kuipa taarabu ya Kiswahili dhima yake ya kijamii.

Ng'ambo ilitengwa na Mji Mkongwe kwa hori. Wakazi wake wengi walikuwa watu waliotoka utumwani, hasa baada ya amri ya mwaka 1897, wazawa wao, na wahamiaji kutoka mashamba na bara. Siti alikuwa mmoja wao. Alizaliwa Fumba yapata mwaka 1880 akaitwa Mtumwa, akatembeza vyungu akiuza, akahamia mjini mwaka 1911. Alipopata umaarufu alialikwa kwa matajiri na hata kwa Sultani, lakini kundi lake, wakiwamo Maalim Shaaban, Subeti bin Ambari, Budda bin Mwendo na Mbaruku, liliendelea kukutana nyumbani kwake nyakati za jioni, na majirani walihudhuria.

Tofauti ya kumbi hizi haikuwa ya ukubwa pekee. Kasrini nyimbo ziliimbwa kwa Kiarabu, mbele ya wageni walioalikwa kwa hadhi zao. Ng'ambo ziliimbwa kwa Kiswahili, mbele ya watu waliowajua wahusika wa mikasa iliyoimbwa. Mfano ulio wazi ni wimbo wa Kijiti, unaohusu mauaji ya mwanamke mgeni. Mtuhumiwa alitorokea bara, nao mkono wa sheria ukawaangukia wanawake waliokuwa pamoja na marehemu. Katika chumba ambamo mwimbaji na msikilizaji hukaa bega kwa bega, wimbo wa namna hiyo hauishii kwenye kibwagizo. Huzua maswali, ubishi na hukumu ya pili, inayotolewa na watu wasiokuwa na sauti mahakamani.

Mwaka 1928 unaonyesha thamani ya hoja hii na pia mipaka yake. Katika mwaka huo wakazi wa Ng'ambo waligoma kulipa kodi ya ardhi iliyojengwa nyumba zao. Na katika mwaka huohuo Siti na wenzake walisafiri hadi Bombay kurekodi santuri. Itakuwa kutia chumvi kudai kwamba nyimbo ndizo zilizoleta mgomo. Linaloweza kusemwa ni kwamba mtaa uliogoma ulikwisha kuzoea kuzungumzia dhuluma hadharani, na kwamba nyumba ya Siti ilikuwa mojawapo ya mahali pa mazoea hayo.

Santuri ziliifikisha sauti ya Siti mbali kuliko ambavyo nyumba yake ingeweza. Hata hivyo, upande mmoja wa santuri ulibeba takriban dakika 3 tu, na wimbo uliorekodiwa Bombay ulitengwa na majirani walioufahamu undani wake. Shaaban Robert, katika *Wasifu wa Siti binti Saad*, alihifadhi tabia na heshima ya mwimbaji; mazungumzo ya wasikilizaji hayakupata mwandishi wa kiwango hicho.

Kwa hiyo mtafiti anayeitegemea santuri pekee huisikia nusu ya taarabu ya Ng'ambo. Nusu ya pili ilikuwa kwa wasikilizaji. Kuihesabu nyumba miongoni mwa kumbi ni kuwarudisha katika historia watu ambao, kwa kukaa, kusikiliza na kujibizana, walishiriki kuutunga muziki huo.