Gulio, Mnada, na Kiwanda: Habari za Kuuza Ng'ombe katika Usukuma

Neno husemwa juu ya Wasukuma ambalo limerudiwa mara nyingi hata limekuwa kama methali kwa wageni: kwamba Msukuma hapendi kuuza ng'ombe, bali huwaweka wazeeke katika zizi kwa ajili ya sifa. Maofisa wa serikali ya kikoloni waliliandika, na hata leo laweza kusikiwa kwa walimu waliotoka mbali kuja kufundisha katika shule za Igoma, Kisesa, au Magu. Katika makala hii twataka kulichunguza neno hilo kwa kufuata historia, na kuonyesha kwamba si kweli. Msukuma ameuza ng'ombe tangu zamani. Alichokataa ni kuuzishwa, yaani kuamriwa siku, idadi, na bei na mtu mmoja asiye na mshindani.

1. Maneno yenyewe

Yafaa tuanze na lugha, kwa kuwa maneno hutunza habari za kale. Katika lugha nyingi za Kibantu kitenzi gula maana yake ni kununua. Kimo katika Kisukuma, kimo pia katika Kiganda. Katika Kiswahili kitenzi hicho hakitumiki tena, lakini jamaa zake wangaliko. Mmoja ni gulio, yaani mahali pa kununulia. Wa pili ni kuuza, ambalo ni umbo la kufanyiza la kitenzi kile kile: maana yake ya asili ni kumfanya mwenzako anunue. Mganda naye husema kugula kwa kununua, na kuguza kwa kumwuzia mtu. Basi kwa asili ya neno, muuzaji ndiye mtendaji. Kazi huanzia kwake.

Maneno mengine ya sokoni yametoka katika Kiarabu. Soko, bei, na dalali yanajulikana. Mnada hutokana na kitenzi cha kuita kwa sauti, ndipo pia tunapopata kunadi, yaani kutangaza mali mbele ya watu. Mnada, basi, ni biashara ya hadharani, ambayo kila mtu huisikia bei ikitajwa. Ushuru hutokana na neno la Kiarabu lenye maana ya sehemu ya kumi. Katika Usukuma wa leo neno mnada limepanuka: ni siku ya kukusanyika watu kijijini kwa zamu, ambapo huuzwa ng'ombe, mbuzi, nguo, majembe, na vyungu, na watu hula nyama ya kuchoma. Lakini ng'ombe ndio waliouanzisha, na pasipo ng'ombe wengi mnada huhesabiwa kuwa umepoa.

2. Ng'ombe katika kaya

Kwa Kisukuma mali huitwa sabo, na tajiri huitwa nsabi. Zamani nsabi alikuwa kwanza mwenye ng'ombe. Ng'ombe walitolewa kuwa bukwi, yaani mahari. Walilipwa kuwa fidia. Walichinjwa katika matambiko. Tena mwenye ng'ombe wengi hakuwaweka wote nyumbani kwake. Wengine aliwapa jamaa na rafiki wa vijiji vingine wawalishe, nao wakapata maziwa na samadi. Kwa njia hiyo ugonjwa ukiingia zizi moja, au mvua ikikosekana upande mmoja, haipotei mali yote.

Desturi hii ina maana kubwa kwa habari yetu. Mtu aonaye ng'ombe arobaini katika zizi hawezi kujua ni wangapi walio mali ya mwenye kaya. Wengine ni amana. Wengine wamekwisha kutajwa kwa ajili ya mahari ya kijana. Mwenye kaya akiambiwa auze kumi, huenda hana kumi alio na haki ya kuwauza peke yake. Wageni waliliita jambo hili ukaidi.

Wala si kila ng'ombe ni sawa. Mtamba hauzwi ila kwa shida kubwa, maana ndiye mama wa kundi. Nzagamba, yaani fahali, huhifadhiwa kwa mbegu. Wauzwao kwanza ni maksai, na ng'ombe jike tasa au mzee. Huo ni utaratibu wa mtu anayejua hesabu ya mali yake.

3. Tangu biashara ya kale hata kodi

Kabla ya wakoloni ng'ombe walibadilishwa kwa vitu. Majembe ya chuma ya wafua chuma Warongo, upande wa magharibi wa ghuba ya Mwanza, yalisafiri mbali katika Usukuma na Unyamwezi, na yalipokelewa hata katika mahari. Chumvi ililetwa kutoka ziwa Eyasi. Kageye, bandari ya kale kaskazini ya Igoma, ambako Stanley alifika mwaka 1875 na wamisionari wa kwanza wakafuata mwaka 1877 na 1878, palikuwa mahali pa nguo, shanga, na pembe za ndovu.

Kisha, karibu na mwaka 1891, ikaja sotoka. Ugonjwa huu uliwaua ng'ombe wa Afrika ya Mashariki kwa wingi usiokuwa na mfano, na makabila ya wafugaji yakaona njaa. Sotoka imekwisha, mwaka 2011 ilitangazwa kuwa imetoweka duniani pote. Lakini kizazi kilichopona kilijifunza kwamba aliyebaki na mitamba miwili alianza tena, na aliyebakiwa na nguo na shanga hakuweza. Hofu hiyo ilirithiwa na watoto.

Wajerumani, ambao wazee waliwaita Wadachi, walianza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1898. Tangu hapo kila kaya ilihitaji fedha kila mwaka, nayo fedha ya karibu zaidi ilikuwa katika zizi. Reli ya Uganda ilipofika Kisumu mwaka 1901, ngozi za Mwanza zilipata njia ya kupita ziwani na kwenda Mombasa. Mwaka 1928, wakati wa Waingereza, reli kutoka Tabora ilifika Mwanza, na njia ya Dar es Salaam ikafunguka.

4. Mnada wa serikali

Waingereza waliweka minada ya ng'ombe iliyosimamiwa na idara ya mifugo pamoja na watemi. Ng'ombe waliingizwa uani mmoja mmoja, bei ikanadiwa, na ushuru ukaingia katika hazina ya mtemi. Wanunuzi walikuwa wachuuzi Waafrika, Waarabu, Wasomali, na Wahindi. Ng'ombe walipelekwa kwa miguu au kwa reli mpaka miji na mashamba makubwa ya katani.

Watu walikuja minadani kwa hiari yao. Walikuja hasa wakati wa kodi na wakati wa njaa. Wakati wa mavuno ya pamba mambo yaligeuka: mwenye fedha ya pamba alikwenda mnadani kununua. Kwa hiyo mnada haukuwa mlango wa kutokea tu. Mtu aliyeuza maksai mzee akanunua mitamba miwili midogo alirudi nyumbani tajiri zaidi, wala hakuna aliyeweza kusema kwamba hakupenda biashara.

5. Kiwanda cha Athi River na neno la Wakamba

Hapa yatupasa kutoka Usukuma kwa kitambo, maana jambo la viwanda vya nyama lilianza Kenya kabla ya kufika kwetu. Kampuni ya Liebig, yenye jina la mkemia Mjerumani Justus von Liebig, iliundwa mwaka 1865 ili kutengeneza rojo ya nyama kwa ng'ombe wa bei ndogo wa Fray Bentos, katika nchi ya Uruguay. Mwaka 1938 kampuni hiyo ilikuwa na kiwanda Athi River, karibu na Nairobi. Kiwanda cha namna hii huhitaji ng'ombe wengi, kila siku, na kwa bei ndogo.

Wakati huo huo serikali ya Kenya ilikuwa ikisema kwamba nchi ya Wakamba inaharibika kwa mifugo mingi. Ikaamuru ng'ombe wapunguzwe kwa nguvu. Ng'ombe wakakamatwa na kuuzwa kwa bei ya chini. Wakamba waliona wazi kwamba dawa ya udongo na faida ya kiwanda zilitembea pamoja. Mwezi wa Julai 1938 wanaume, wanawake, na watoto wengi walitembea kwa miguu mpaka Nairobi kumtaka gavana awasikilize, wakakaa huko majuma kadhaa. Kiongozi wao, Muindi Mbingu, alikamatwa na kuhamishiwa Lamu. Lakini kabla mwaka haujaisha serikali iliacha kuwauzisha kwa nguvu.

Twaomba msomaji aangalie: Wakamba hawakusema kwamba hawatauza ng'ombe kamwe. Walisema kwamba mwenye ng'ombe ndiye achague yupi, lini, na kwa bei gani.

6. Kawe, na amri za Usukuma

Fundisho hilo halikushikwa. Mwaka 1947 iliundwa Tanganyika Packers kwa ushirika wa serikali na Liebig, na kiwanda kikajengwa Kawe, Dar es Salaam, ili kutia nyama ya ng'ombe katika makopo na kuiuza ng'ambo. Mwaka huo huo ulianza mpango mkubwa wa kuendeleza Usukuma, wenye makao yake Malya. Mpango ulikuwa na mambo mema, kama mabwawa ya maji na kufungua nchi mpya. Lakini ulikuja pia na amri nyingi juu ya matuta, mihogo, na kupunguza mifugo. Watu walizichukia. Chuki hiyo ilikuwa moja ya sababu zilizowavuta Wasukuma wengi katika siasa ya uhuru, na kabla ya uhuru wa mwaka 1961 kulazimishwa kuuza ng'ombe kulikuwa kumeachwa.

Baada ya uhuru kosa lilirudi kwa sura nyingine. Katika miaka ya 1970 serikali iliunda shirika la kununua mifugo, na Kawe ikawa mali ya umma. Shirika lilinunua kwa bei iliyopangwa. Mchuuzi wa kawaida alilipa zaidi, na kulipa papo hapo. Ng'ombe wakamfuata mchuuzi. Kiwanda kikakosa ng'ombe, na katika miaka ya 1990 kazi yake ilikuwa imekoma. Leo watu wa Dar es Salaam wakisikia jina la Tanganyika Packers hufikiri juu ya uwanja wa mikutano ya injili. Kiwanda cha nyama cha Shinyanga, katikati ya nchi ya ng'ombe, nacho kilikaa miaka mingi bila kuchinja.

7. Mnada na kiwanda siku hizi

Siku hizi minada ina ngazi tatu: ya awali vijijini, ya upili kama Mhunze katika Kishapu, na ya mwisho kama Pugu, Dar es Salaam. Ng'ombe husafirishwa kwa malori, kwa kibali. Mwanza umekuwa mji mkubwa, na Igoma, iliyo kando ya barabara ya kwenda Magu na Musoma, imekuwa mtaa wa mji. Viwanda vipya vya watu binafsi vimejengwa katika nchi, na sheria ya mwaka 2006 iliunda Bodi ya Nyama. Kwa hiyo mfugaji anayo njia mbili, naye auliza ipi ni bora.

Katika mnada ng'ombe hupimwa kwa macho. Bei huafikiwa na fedha hulipwa siku ile ile. Asiyeridhika humrudisha ng'ombe wake nyumbani. Hasara ni kwamba mchuuzi huona ng'ombe mia kila juma, na mfugaji huuza watatu kwa mwaka. Macho yao si sawa. Tena kuna ushuru na fungu la dalali. Mbaya zaidi, wengi huuza mwisho wa kiangazi, ng'ombe wamekonda na chakula ni ghali, ndipo bei huanguka.

Kiwanda chataka ng'ombe kijana aliyenona, na hulipa kwa uzito. Mizani haina udugu na dalali, nayo ni faida kwa aliyelisha vema. Lakini maksai mzee na jike tasa, ambao ndio desturi huwatoa kwanza, hupata bei ndogo huko. Pengine malipo hukawia. Na mahali penye kiwanda kimoja tu, mfugaji aliyemsafirisha ng'ombe siku nzima hawezi kumrudisha. Hapo hana budi kuipokea bei ya mwenye nyumba.

8. Neno kwa walimu

Kazi ya mwalimu na ya mchungaji si kumshauri mfugaji auze wapi. Lakini twaweza kumpa mtoto wake hesabu. Ng'ombe wa kienyeji akichinjwa hutoa nyama pamoja na mifupa karibu nusu ya uzito aliokuwa nao akiwa hai. Basi maksai wa kilo 300 hutoa karibu kilo 150. Mtoto ajuaye hili, na ajuaye bei ya kilo moja katika bucha la Igoma, aweza kukaa karibu na baba yake mnadani na kumwambia kwa sauti ndogo kama bei inayotajwa ni ya haki. Hesabu hii ifundishwe katika darasa la tano kwa mifano ya ng'ombe, badala ya mifano ya magari-moshi ambayo watoto wengi hawajayapanda.

Tena tuache kufundisha kwamba babu zao walipenda ng'ombe kuliko akili. Wazee waligawa kundi lao ili lisife lote. Walitoa maksai wakaweka mtamba. Walipouzishwa kwa nguvu walikataa, na walipopewa bei ya haki waliuza. Lugha yao, kama tulivyoona, ilikuwa imekwisha kusema hivyo: kuuza ni tendo la mwenye mali.