Kuta ni Zako, Udongo ni wa Nani?

Wengi kwetu hudhani kazi ya nyumba imekwisha siku bati la mwisho linapopigiliwa. Historia yatufundisha vingine.

Tarehe 1 Julai 1885, Dola Huru ya Kongo iliamuru kwamba ardhi isiyo na mwenyewe ni mali ya dola. Hivyo hata mashamba yaliyolazwa na misitu ya mababu yakahesabiwa kuwa matupu. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 ilienda mbali zaidi: udongo wote ni mali ya serikali, wala hauuzwi, raia hupewa haki ya kuutumia tu. Haki hiyo huthibitishwa kwa cheti cha uandikishaji, nacho, miaka 2 ikipita, kwa kawaida hakipingiki tena.

Basi karatasi ya mauziano yenye sahihi za mashahidi haitoshi. Familia nyingi humaliza akiba yote katika matofali, zikiahirisha gharama za kupima kiwanja na kupata cheti. Baba akifariki, mtu mwingine hutokea na cheti, na mjane hana cha kumwonyesha hakimu ila kuta.

Anayetaka kujenga atenge kwanza fedha za cheti, matofali yatangoja.